Nilikuwa napeleka lori gereji siku ya mapumziko, sasa bima zote mbili zimenikana

Shikamoo dada,

Mimi ni mzaliwa wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na sasa naishi Columbus, Ohio, na mke wangu na watoto wetu. Kwa miaka kadhaa niliendesha malori ya watu, halafu nikanunua la kwangu kwa mkopo, Freightliner iliyokwisha kutumika. Sina kibali changu mwenyewe cha kusafirisha mizigo. Lori nimelikodisha kwa kampuni moja ya hapa Ohio, natembea kwa namba yao ya DOT, ile ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na jina lao limebandikwa kwenye milango. Kila wiki wakifunga hesabu yangu wanakata pesa ya mafuta, ya trela, na ya bima moja wanayoiandika NTL. Siku naanza niliambiwa kwa mdomo, “Ukiwa na mzigo wetu, bima yetu inakulinda. Ukiwa nje ya kazi, hii NTL inakulinda. Saa zote umefunikwa.” Nikaweka sahihi.

Ijumaa moja nilishusha mzigo, nikaacha trela uwanjani kwa kampuni, nikarudi nyumbani na kichwa cha lori peke yake. Usiku disipacha, anayetupangia mizigo pale kampuni, akanitumia ujumbe kwamba Jumatatu alfajiri kuna mzigo wa Pittsburgh, ila sevisi ya lori imepita muda na anataka iwe imefanyika kabla sijafunga trela. Jumamosi asubuhi nikaweka ELD, ile mashine inayorekodi saa zangu za kuendesha, kwenye PC, yaani matumizi binafsi, maana sikuwa na trela wala mzigo na ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Nikaelekea gereji. Niliposhuka kutoka barabara kuu ya I-270, kwenye taa, gari dogo la mbele likafunga breki nami nikaligusa nyuma. Bampa lake liliingia ndani. Mama mwenye gari alitoka akitembea, akasema yuko salama. Polisi alikuja, akaandika ripoti, na mimi nikapewa tiketi.

Wiki chache baadaye ikaja barua ya wakili wake: shingo na mgongo vinamsumbua, anaendelea na matibabu, na anataka majina ya kampuni zangu zote za bima. Nikapiga simu ofisi ya usalama ya kampuni yangu. Wakasema, “Hukuwa na mzigo, ulikuwa PC, hilo si letu, ongea na NTL.” Nikaongea na NTL. Mtu wao akanirekodi kwenye simu, nami nikasema ukweli wote, pamoja na ule ujumbe wa disipacha. Baada ya muda wakaniandikia kwamba lori lilikuwa linatumika katika biashara ya kampuni, kwa hiyo hawalipi.

Sasa ndugu mmoja tunayesali naye, dereva mzoefu kunishinda, ananiambia nipige tena simu nirekebishe maelezo. Niseme nilikuwa natoka kununua chakula cha watoto na gereji ningepitia baadaye. Disipacha naye kanipigia simu, hakuandika, akasema, “Wewe ulikuwa PC, shikilia hapo hapo.” Mke wangu halali. Nyumba tunailipia mkopo, na maombi ya uraia tumeshapeleka. Dada, nani anapaswa kulipa hapa? Na je, nikirekebisha maelezo kidogo ili watoto wasipoteze nyumba, ni dhambi kubwa kiasi gani?

Ni mimi, dereva wa Columbus


Marahaba, mdogo wangu. Pole wewe na pole mama watoto.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Usibadilishe hata neno moja. Ukiacha habari ya dhambi, ambayo utaongea na mchungaji wako, maelezo hayo mapya hayatasimama hata wiki moja. Maelezo yako ya kwanza yamerekodiwa. Gereji wana miadi yako. Ujumbe wa disipacha uko kwenye simu mbili. ELD ina rekodi ya lini lori lilitembea na lilikuwa maeneo gani. Ukimwambia mtu wa bima jambo la uongo ili alipe, umetoka kwenye ajali ya bampa na kuingia kwenye udanganyifu wa bima, ambao Ohio ni kosa la jinai. Na wewe una ombi la uraia mezani. Kosa la udanganyifu likithibitishwa mahakamani linaweza kuliangusha ombi hilo na kuleta makubwa zaidi. Huyo ndugu wa kanisani anakutakia mema, lakini si yeye atakayekaa mbele ya ofisa wa uhamiaji.

Kuna sababu nyingine, na hii wengi hawaioni. Ukweli wako una nguvu kuliko huo uongo. Ule ujumbe wa disipacha ndio karatasi bora uliyo nayo. Ukisema ulikuwa unaenda sokoni, unaitupa wewe mwenyewe.

Nieleze bima hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu nimekaa miaka mingi katika ofisi ya bima za malori na bado naona ndugu zetu wanaingia kwenye mikataba hii wakiwa na picha ya bima ya gari ya kule Afrika. Kule tulikotoka, ukikata bima ndogo ya gari inamlinda mtu wa tatu asubuhi na usiku, ukienda kazini au ukienda msibani. Inafuata gari. Huku Marekani, lori lililokodishwa kwa kampuni lina bima mbili za kulipa watu wengine, na kinachoamua ipi ianze kazi ni lengo la safari.

Ya kwanza ni ya kampuni. Sheria ya shirikisho inailazimisha kampuni inayobeba mizigo ya kawaida ya watu kutoka jimbo hadi jimbo iwe na bima ya angalau dola 750,000 kwa ajili ya umma, na wateja wengi hawakupi mzigo kama haifiki 1,000,000. Bima hiyo inafanya kazi lori likiwa katika biashara ya kampuni. Ya pili ndiyo hiyo NTL, yaani non-trucking liability. Ni nafuu, kwa kawaida makumi machache ya dola kwa mwezi, na unafuu wake una sababu: imeandikwa ilipe pale tu unapotumia lori kwa shughuli zako binafsi. Ukienda kanisani nalo, ukienda dukani, ukimsaidia shemeji kuhamisha makochi bila malipo, hapo NTL ipo. Ndani ya hati karibu zote za NTL kuna kifungu kinachosema haitalipa lori likiwa katika biashara ya yeyote aliyelikodi. Kifungu hicho ndicho walichokunukulia kwenye barua.

Sasa angalia ulichoambiwa siku ile, kwamba saa zote umefunikwa. Kwenye karatasi mbili hizo inaonekana hivyo: moja inashika biashara, nyingine inashika isiyo biashara. Lakini karatasi hizo zimeandikwa na kampuni mbili tofauti, na kila moja ina haki ya kuamua yenyewe safari yako ilikuwa ya aina gani. Safari kama yako inapotokea, huyu anasema ni ya yule, na yule anasema ni ya huyu. Aliyekuuzia hii kama ukuta usio na ufa alikukosea. Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu najua idadi ya madereva wetu wanaokatwa pesa hii kila wiki na hawajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa hati yenyewe.

Kuna safari ambazo mawakili wamezigombania kwa miaka. Kwenda gereji ni mojawapo. Nyingine ni kurudi nyumbani baada ya kushusha, kutoka nyumbani kwenda kufunga trela, na kwenda kula huku umeambiwa usubiri mzigo mji ule ule. Mahakama za majimbo mbalimbali zimeamua tofauti juu ya safari hizi, ndiyo maana mtu yeyote atakayekwambia “hii ni ya kampuni, mia kwa mia” anakufurahisha tu. Lakini maswali wanayouliza majaji yanafanana. Safari ilikuwa kwa faida ya nani? Nani aliagiza? Mkataba unasemaje? Kuna mzigo ulikuwa unangoja?

Pima safari yako kwa maswali hayo. Kama ungeamka Jumamosi kwa hiari yako, huna mzigo wala agizo, ukaenda kubadilisha oili kwa sababu lori ni lako na unalipenda, NTL wangekuwa na kazi ngumu zaidi kukukatalia. Wewe uliagizwa. Sevisi ilidaiwa na kampuni, kwa ajili ya mzigo wa kampuni, wa Jumatatu, na mzigo wenyewe umetajwa kwenye ujumbe huo huo. Kwa maoni yangu hii inaegemea upande wa kampuni, na bima yao ndiyo inayopaswa kusimama mbele. Neno “hukuwa na mzigo” wanalolirudia halimalizi habari. Trela inaweza kuwa haipo na biashara ikawepo.

Na PC? Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu karibu kila dereva ninayeongea naye amechanganya mambo haya. PC ni habari ya saa zako za kuendesha. FMCSA, shirika la serikali kuu linalosimamia usalama wa malori, waliweka hali hiyo ili dereva aliyeachiwa kazi aweze kuendesha kwenda kula au kulala bila kula saa zake za kazi. Kampuni ya bima haifungwi nayo. Unaweza kuwa PC kihalali kabisa, mfano ukitoka uwanja wa kampuni kwenda nyumbani, na bado NTL wakasema safari ile ilikuwa ya biashara. Kitufe cha kwenye ELD hakichagui nani alipe.

Kwako kuna la ziada. Katika mwongozo wake wa mwaka 2018, FMCSA ilitaja mifano ya safari zisizostahili PC, na mmoja wapo ni kupeleka lori mahali pa kulifanyia matengenezo. Maana yake ile Jumamosi ulipaswa kuandika kwamba uko kazini unaendesha. Ni kosa la kumbukumbu za saa, dogo ukilinganisha na mengine, lakini ona linavyowageukia wenyewe: kampuni inajificha nyuma ya PC ambayo kwa kanuni haikupaswa kuwepo, na safari ambayo kwa kanuni ni ya kazini. Usiende sasa hivi kuhariri logi peke yako. ELD inahifadhi rekodi ya kwanza hata ukiirekebisha, na marekebisho baada ya barua ya wakili yataonekana kama kuficha. Hilo lisubiri wakili wako aseme lifanyikeje.

Disipacha aliyekupigia badala ya kuandika, ukipigiwa tena mwambie kwa upole, “Naomba uniandikie.” Halafu andika pembeni tarehe, saa na alichosema. Ujumbe wa Ijumaa usiku upige picha leo, uonyeshe tarehe na namba, uutume kwenye barua pepe yako na ya mke wako. Simu huanguka, na mitandao ya kampuni hufuta ujumbe wa zamani.

Kisha tafuta mkataba wako. Sheria inataka nakala moja, au taarifa fupi ya mkataba badala yake, ikae ndani ya lori muda wote wa mkataba, kwa hiyo ianzie huko kwenye kabati ya kiti. Mikataba ya namna hii inatawaliwa na kanuni za shirikisho, Kitabu cha 49, Sehemu ya 376, na ndani yake kuna kifungu cha 12 ambacho natamani kila dereva wetu angekisoma kabla ya kuweka sahihi. Kinataka mkataba useme kwamba kampuni ndiyo inayolishika, kulidhibiti na kulitumia lori peke yake kwa muda wote wa mkataba, na ndiyo inayobeba wajibu kamili wa uendeshaji wake. Kinasema mkataba lazima ueleze wazi wajibu wa kampuni wa kuwa na bima ya kuulinda umma, na nani atoe bima nyingine zozote, na hapo bima ya bobteli, ya lori linalotembea bila trela, imetajwa kwa jina. Kama wanakukata pesa ya bima, kiasi hicho lazima kiwe kimeandikwa. Na kama umenunua bima kupitia kwao, una haki ya kupewa nakala ya hati ukiiomba, pamoja na cheti kinachoonyesha jina la kampuni ya bima, namba ya hati, tarehe, aina na viwango vya bima, gharama yako, na kiasi utakachobeba mwenyewe kabla haijalipa. Wakivunja kanuni hizi, sheria inakuruhusu kuwashitaki.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni kuandika. Piga simu kama ni lazima, lakini kila simu uifuate na barua pepe.

Kwa kampuni yako: waeleze ajali kwa ufupi, tarehe na mahali, sema ulikuwa unapeleka lori kwenye sevisi kwa agizo lao kabla ya mzigo wa Jumatatu, ambatisha ujumbe wa disipacha, ripoti ya polisi na barua ya wakili wa yule mama, na uwatake wapeleke dai hili kwa kampuni yao ya bima na wakupe jina lake na namba ya hati. Ukishapata jina, iandikie kampuni hiyo ya bima moja kwa moja. Usingoje ofisi ya usalama ikufikishie, kwa sababu inawezekana kampuni ya bima haijui hata kwamba ajali ilitokea. Hilo nimeliona mara nyingi: “bima yetu imekataa” kumbe haijaulizwa. Hati nyingi za kampuni za usafirishaji zinamhesabu mwenye lori aliyelikodisha kuwa miongoni mwa wanaolindwa, lori likiwa kwenye biashara yao. Iombe hiyo hati.

Kwa NTL: waandikie kwamba hukubaliani na uamuzi wao, waambie wafikirie tena, na waombe nakala kamili ya hati pamoja na rekodi ya maelezo yako. Muhimu zaidi, waombe wakutetee hata kama hawajakubali kulipa. Wajibu wa bima kukuwekea wakili kwa kawaida ni mpana kuliko wajibu wake wa kulipa fidia, na kampuni nyingi zikibanwa hukubali kulipia wakili huku zikiandika kwamba zimehifadhi haki ya kukataa malipo baadaye. Barua ya namna hiyo ukiipata usiogope, ni bora mara kumi kuliko kukataliwa. Angalia pia jina kwenye hati. Kama lori umeliandikisha kwa LLC, yaani kampuni yako ndogo, na hati ina jina lako binafsi, au kinyume chake, hilo nalo lirekebishwe, na lisemwe mapema na wewe kabla halijasemwa na wao.

Na yule wakili wa mama, usiongee naye. Si adui yako, anafanya kazi yake, lakini kila utakalosema litaandikwa. Mpe majina ya kampuni za bima kwa maandishi, basi. Ukitakiwa tena kurekodiwa na yeyote, una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Usijibu maswali ya kisheria kwa Kiingereza cha barabarani kwa kuona aibu. Neno moja kama “business” au “personal” likitumika vibaya ndilo litakalosomwa mbele ya jaji.

Hofu yangu kubwa kwako ni hati ya madai ya mahakamani kufika nyumbani na kila upande ukadhani mwenzake ameijibu. Ohio unapewa siku 28 tangu kukabidhiwa hati kupeleka majibu mahakamani. Zikipita kimya, jaji anaweza kumpa yule mama ushindi bila kukusikiliza, na hapo ndipo hukumu inaweza kuifuata nyumba. Familia nyingi haziangushwi na ukubwa wa ajali, zinaangushwa na bahasha iliyokaa juu ya friji. Mwambie mama watoto: bahasha yoyote ya mahakama ikifika, siku hiyo hiyo ipigwe picha na itumwe kwa kampuni, kwa bima zote mbili, na kwa wakili.

Ndiyo, tafuta wakili. Mimi si wakili wako, na jambo lako limefika mahali pake. Mtafute anayeshughulika na migogoro ya bima, hasa ya malori. Anayerusha matangazo ya ajali kwenye televisheni mara nyingi kazi yake ni kuwadai watu kama wewe. Chama cha OOIDA, cha wamiliki wanaoendesha malori yao wenyewe, kilianzishwa 1973 na makao yake yako Grain Valley, Missouri; kinazijua kanuni hizi za mikataba na kimezipigania mahakamani. Uanachama wake si ghali, na watakuelekeza. Idara ya Bima ya Ohio nayo inapokea malalamiko ya wananchi bure, na kampuni ya bima ikiandikiwa na idara hujibu kwa maandishi. Idara haitaamua nani alipe, lakini itawatoa kwenye kimya.

Utasikia watu wakitaja MCS-90, karatasi inayobandikwa kwenye bima ya kampuni kuhakikisha umma unalipwa. Usiitegemee. Ipo kwa ajili ya yule mama, tena baada ya hukumu dhidi ya kampuni. Wewe haikupi wakili. Na bampa la lori lako mwenyewe, kama liliharibika, si NTL wala bima ya kampuni italigusa. Hilo ni la bima ya uharibifu wa chombo, kama unayo. Kama lori liko kwenye mkopo, benki itakuwa imekulazimisha kuwa nayo.

Kuhusu nyumba, mwambie mama watoto hivi: gari liliguswa kwenye taa kwa mwendo mdogo, na bima zote mbili kwa kawaida zina kikomo cha 1,000,000. Pesa za kumlipa yule mama kwa haki zipo, upande mmoja au mwingine. Kazi yetu ni kuhakikisha hakuna anayetoka chumbani kabla hajajibu. Na yule mama naye mwombee apone. Aliyesema yuko salama barabarani anaweza kuamka kesho yake shingo haigeuki, wala hiyo haimfanyi mwongo.

Usikimbilie sasa kuchukua kibali chako mwenyewe kwa hasira. Ni kweli kwamba mwenye kibali chake hana tatizo hili, bima yake ni moja na inafuata lori saa zote, lakini kwa anayeanza ada ya bima hiyo ni maelfu mengi ya dola kwa mwaka, na mkopo wa lori bado uko palepale. Kwanza mwulize wakala wako kama hiyo unayokatwa ni NTL kweli au ni bobteli. Watu wanayachanganya majina haya, hata ofisini. Ya bobteli inaangalia kama una trela nyuma au huna, bila kujali sana unaenda wapi, na kuna nyingine inayoangalia kama una mzigo au huna. Mwandikie wakala maswali matatu: nikienda gereji, nikirudi nyumbani baada ya kushusha, na nikienda kufunga trela, je, hii inalipa? Ajibu kwa maandishi. Asipotaka kuandika, umepata jibu.

Na mpaka mkataba wako urekebishwe, kila utakapotumwa sevisi usiwashe lori kabla hujapata ujumbe wa kampuni wenye tarehe unaosema wao ndio wamekutuma, kisha uandike kwenye ELD kwamba uko kazini.